Korasi Barabarani: Kampala, Busoga, Bombo na Gulu

Simulizi hii imeunganishwa baada ya kurudi Kampala, kutokana na daftari, risiti na picha za simu. Msafara ulikuwa wa watunzi, waigizaji na wahadhiri wanaofanya tamthilia kwa Kiswahili nchini Uganda, na swali lililobebwa njia nzima lilikuwa moja: korasi ya Kigiriki, lile kundi linaloimba na kulalamika kati ya maonyesho, iwekwe wapi inapochezwa mbele ya watu wa hapa? Andiko la mazoezi lilikuwa Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971 ya tamthilia ya Sofokile, Mgiriki wa kale, kuhusu mfalme wa Thebe anayemsaka muuaji aliyeuletea mji tauni, akagundua ni yeye mwenyewe. Bei zote ni shilingi za Uganda, na msimu ulikuwa Agosti.

Jumatano: Nasser Road na National Theatre

Nasser Road ndiko Kampala inakochapisha kila kitu, kuanzia kadi za harusi hadi mabango ya kampeni. Kurudufu ukurasa mmoja ni 100 ukichukua nyingi, 200 ukija na karatasi mbili tatu. Zilihitajika nakala 18: tatu za waigizaji, maana Sofokile alitumia watatu tu wakibadilishana vinyago, na 15 za korasi, idadi aliyoipandisha yeye mwenyewe kutoka 12. Zilirudufiwa nyimbo za korasi na maonyesho machache tu, si kitabu kizima. Mwambie fundi akuze herufi hadi zijaze A4, la sivyo jua likiinama mwanakorasi wa nyuma hasomi kitu.

National Theatre iko De Winton Road, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bungeni, na nyuma yake kuna soko la vikapu na vinyago. Ilifunguliwa 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru, na umbo lake ni la Kiingereza: jukwaa la boksi, pazia, viti vyote vimetazama upande mmoja. Hapo ndipo wanafunzi wa Makerere walipocheza The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o Novemba 1962, katika shamrashamra za uhuru. Hapo ndipo Byron Kawadwa alipokuwa kiongozi miaka ya 1970. Mwaka 1977 kundi lake lilipeleka Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa Luganda uliojaa nyimbo, kwenye tamasha la FESTAC huko Lagos, na muda si mrefu baada ya kurudi alitekwa na kuuawa na watu wa Idi Amin.

Jukwaa la boksi linaitesa korasi, na inafaa kujua ni kwa nini kabla ya kulipia ukumbi wowote wa namna hiyo. Nyimbo za Kigiriki huenda kwa jozi: strofe, yaani ubeti wa kwanza, kisha antistrofe, ubeti wa kuujibu wenye mizani ileile. Ukigawa watu saba kulia na saba kushoto, kiongozi akabaki katikati, kila ubeti unataka kundi lisogee upande mmoja na kurudi. Kwenye boksi, saba wa kushoto wakifika mwisho wa mwendo wao, watazamaji wa viti vya pembeni hawawaoni tena. Ukiwapanga mstari mmoja mbele, wanamziba mfalme. Ukiwapanga nyuma, wanakuwa pambo la ukutani.

Tatizo la pili ni sauti. Watu 15 wakisema kwa pamoja, irabu hukutana lakini konsonanti hazifiki kwa wakati mmoja, na hadhira husikia mvumo badala ya maneno. Dawa iliyofanya kazi: kiongozi aseme mstari mzima peke yake, kundi lidake maneno mawili ya mwisho. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi mguu wa kila mtu upige sakafu hapohapo. Hata wa kiti cha mwisho hupata neno.

Chakula cha mchana, matooke na binyeebwa, mchuzi wa karanga, kwa 8,000, kilikuja na ubishi. Watunzi wa Kampala hawakubali kwamba klasiki ni Athens na London tu. Wycliffe Kiyingi alianzisha kundi la maigizo la African Artists Association mwaka 1954, ukumbi wenyewe haujajengwa. Robert Serumaga alitoa tamthilia ya Renga Moi 1972, mwaka ambao The Burdens ya John Ruganda ilichapishwa. Hoja ina nguvu, ila ina pengo: michezo mingi ya Luganda haikuchapwa kamwe, kwa sababu vikundi viliogopa kuibiwa. Mwigizaji mkongwe mmoja alisema wakati mwingine alipewa sehemu yake peke yake. Waigizaji wa enzi ya Shakespeare nao walipewa mistari yao tu, pamoja na maneno machache ya mwenzao ya kuwaashiria zamu. Tofauti ni kwamba kwa Shakespeare wenzake walikusanya maandiko wakayachapa mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake. Kampala bado inawategemea wazee wenye kumbukumbu nzuri.

Alhamisi: Kampala hadi Jinja

Taxi, yaani matatu ya abiria 14, ilitoka Old Park kwa 15,000. Haiondoki mpaka ijae. Ukifika saa moja asubuhi utasubiri kidogo kuliko ukifika saa nne. Ngoma kubwa hulipiwa kiti kizima, na ni afadhali ulipe: ukiiweka kwenye buti la gari, mifuko ya watu itaikandamiza ngozi. Mukono ilikula saa nzima kwa foleni. Namawojjolo wauzaji waliizunguka gari na kuku wa vijiti, ndizi za gonja za kuchoma na maji. Uliza bei kabla ya kushika kijiti, na shika noti ndogo. Baada ya msitu wa Mabira na mashamba ya miwa, daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, lina urefu wa mita 525, na chini yake mto umetulia kama haujui uendako.

Jioni ilikuwa ya kibanda cha video, kiingilio 1,000. Vijei (VJ), yaani msimulizi wa filamu, huchukua filamu ya Kimarekani au ya Kihindi, akashusha sauti yake na kusema juu yake kwa Luganda: anatafsiri, anamtania shujaa, anamwonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Siku hizi kazi nyingi hurekodiwa Kampala na kusambazwa, lakini watu ukumbini huijibu sauti kana kwamba mwenyewe yupo.

Mtunzi mmoja alisema bila kusita: hii ndiyo korasi ya leo, acheni kuhangaika na Wagiriki. Alijibiwa vizuri na mwigizaji wa kike. Korasi ya Edipode ni wazee wa Thebe. Tauni inaua watoto wao, mazao yao yanakauka. Wakisema "tuokoe" wanajiombea wenyewe. Vijei filamu ikiisha anakwenda zake, hajapoteza kitu. Kinachofanana ni kazi ya kueleza, si hatari. Baada ya hapo msafara mzima uliacha kuuliza "nani anasimulia pembeni?" ukaanza kuuliza "nani ataumia mambo yakiharibika?", na mazoezi yalibadilika kuanzia kesho yake.

Ijumaa: bigwala na mvua

Bigwala ni baragumu za vibuyu za Wasoga, watu wa Busoga, zilizopigwa tangu zamani kwenye kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme. UNESCO iliziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Seti ni baragumu tano au zaidi za urefu tofauti, kila moja imeungwa kwa vipande vya vibuyu na hutoa noti moja tu. Wimbo hupatikana kwa kupokezana: huyu anapuliza, yule anajibu, watatu anajaza pengo, ngoma zikiwashikilia wote. Hakuna mpigaji hata mmoja anayeweza kwenda nyumbani na wimbo peke yake.

Katika kijiji kimoja nje ya barabara ya Iganga wazee walionyesha mpangilio huo polepole, na hapohapo ubeti wa korasi ukajaribiwa vivyo hivyo. Hatua ni hizi. Ubeti unakatwa vipande vya maneno mawili au matatu. Kila kipande kinapewa mtu mmoja, si kundi. Ngoma moja inapiga mapigo yasiyobadilika, taratibu kuliko unavyodhani inafaa. Kila mtu anakariri kipande chake pamoja na neno la mwisho la aliyemtangulia. Kisha mwendo unaongezwa kidogo kidogo. Maneno yalisikika kuliko siku yoyote, kwa sababu kinywa kilichofunguka kilikuwa kimoja, na bado jumla yake ilikuwa sauti ya mji wenye hofu. Kinachoharibu ni mtu mmoja kusinzia: shimo lake linasikika, na anayemfuata hukimbilia kuliziba, mwendo ukavunjika. Asiyejua zamu yake asibembelezwe, apewe kipande kifupi zaidi.

Mvua ilikuja saa tisa. Engalabi, ngoma ndefu ya ngozi ya kenge, hulegea kwa unyevu hata bila kulowa, ikabaki na sauti ya debe. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi chini ya kibaraza cha duka alisogeza mahindi yake pembeni na kuuachia msafara sigiri. Shika ngozi mbali na makaa kiasi cha mkono mmoja, izungushe bila kusimama, gonga kwa kidole mpaka sauti ipande. Ukiikaribisha zaidi itapasuka pembeni kwenye misumari. Alikataa hela, akakubali tu anunuliwe mahindi yote yaliyokwisha kuiva. Baadhi ya mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha usiku.

Jumamosi: Namasagali

Jinja hadi Kamuli ni lami, taxi 10,000. Kutoka Kamuli hadi Namasagali ni barabara ya murram ya kilomita ishirini na kitu, na baada ya mvua boda alitaka 15,000 kwa kichwa. Alistahili. Vaa koti la mvua hata kama jua linawaka, kwa sababu ya matope ya magari.

Namasagali ilikuwa mwisho wa reli ya Busoga iliyojengwa mwaka 1912. Hapo mizigo ilishushwa na kupandishwa kwenye meli za Ziwa Kyoga. Reli ilikufa, shule ikaingia kwenye majengo yake kando ya Nile. Chini ya Padre Damien Grimes, aliyeiongoza kuanzia 1967 hadi 2000, shule hiyo ya kijijini ilijulikana nchi nzima kwa dansi na maigizo, na michezo yake mikubwa ilipelekwa Kampala. Wahadhiri wana maoni tofauti kuhusu mtindo wake, wengine wakiuona wa kigeni mno. Lakini somo la kiufundi halina ubishi: pale kundi la wacheza dansi lilikuwa uti wa mchezo, na mzungumzaji mmojammoja alikuwa wa ziada. Aliyefunzwa hivyo haogopi korasi. Ukitaka kuona majengo, peleka barua kwa mkuu wa shule wiki moja mbele na ukumbushe kwa simu. Mlinzi wa getini hana mamlaka ya kukuruhusu hata akikupenda.

Jumapili yote ilikwenda barabarani kurudi Kampala, na hakuna la kusimulia isipokuwa foleni.

Jumatatu: Bombo, kisha kaskazini

Bombo iko karibu kilomita 35 kutoka Kampala, taxi 5,000. Ni mji wa jeshi na ni mji wa Wanubi, ambao miongoni mwao Kiswahili hakihitaji mkalimani. Kamera ikae mfukoni karibu na kambi. Chai na gurusa, mkate wa Kinubi, vilikuwa 3,000, chini ya mwembe ambao kivuli chake kilitosha watu 40.

Kwingine nchini mtu akisikia Kiswahili jukwaani huweza kumkumbuka askari kwenye kizuizi cha barabarani, kwa kuwa ndiyo lugha iliyozoeleka jeshini. Hilo halifichiki, hata kama katiba iliporekebishwa 2005 ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili na Baraza la Mawaziri likaamua 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Bombo hali ni nyingine. Korasi ilipofika kwenye kipande cha wazee kumwomba mfalme, mzee mmoja wa hadhira, kutoka kwenye mkeka, alidakia "Amina" kwa sauti, na wenzake wakafuata. Mwongozaji alitaka kuwanyamazisha. Mhadhiri alimzuia: kundi la mkeka lilikuwa limejipa kazi ya korasi, na lilikuwa linaifanya kwa wakati unaofaa. Tangu hapo mwisho wa kila ombi uliachiwa nafasi ya pumzi mbili. Hadhira isipojibu, ngoma inajibu.

Basi la Gulu hutoza 40,000 hata ukipandia njiani. Kondakta aliyepigiwa simu na mwenye duka la chai alisimamisha basi na kungoja dakika kumi huku abiria wakinung'unika, kisha akafunika ngoma kwa turubai lake mwenyewe kwa sababu dirisha la nyuma lilikuwa halifungi. Migyera kuna mishikaki mizuri. Karuma nyani hukaa kando ya barabara, na anayewarushia ndizi anawafundisha kusimama mbele ya magari. Gulu iliingiwa usiku. Chumba safi chenye neti kilikuwa 50,000.

Jumanne: Gulu

Uwanja wa wazi ulipatikana kwa barua kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, nakala kituo cha polisi, siku tano kabla. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza. Kinachowasumbua maafisa ni mkusanyiko usio na mwisho, si maigizo.

Duara huchorwa hivi. Chomeka kijiti, funga kamba ya mita 5, zunguka ukimwaga majivu. Duara la Epidaurus lina kipenyo cha mita 20 hivi, lakini kwa watu 15 mita 10 zinatosha, na sauti haipotei. Wazee wakae mstari wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Bila wao watoto husogea inchi kwa inchi, na ubeti wa tatu ukifika duara limekuwa la mita 6. Anza saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni kwa watazamaji wengi, umalize kabla ya saa moja. Wagiriki walicheza mchana, kwa hiyo andiko lenyewe halidai taa. Kwenye duara kila anayesema anampa mtu mgongo. Basi korasi isisimame kamwe, na hakuna atakayeona mgongo uleule zaidi ya nusu ubeti.

Vijana wa Gulu walileta vibuyu vya larakaraka, ngoma ya uchumba ya Waacholi, vinavyopigwa kwa fungu la spoku za baiskeli. Mlio wake ni mkali na mkavu, unapita juu ya kelele za sokoni bila kipaza sauti. Kiongozi alisema Kiswahili, kundi likaitikia kwa Kiacholi kishazi kimoja kilichochaguliwa na vijana wenyewe. Kuchanganya lugha si uzushi mpya: jukwaa la kusafiri la Makerere, lililoanza 1965, lilizunguka na michezo ya lugha kadhaa.

Chakula kilikuwa malakwang kwa 7,000, mboga chachu iliyopikwa kwa siagi ya simsim, na hapo ndipo mjadala mzito kuliko wote ulipokaa. Thebe inaugua kwa sababu muuaji anaishi ndani yake bila kutakaswa. Gulu hilo halihitaji maelezo. Watu wanajua cen, roho ya aliyeuawa inayoisumbua nyumba. Serumaga aliliona mapema: Renga Moi inatokana na hadithi ya Kiacholi ya shujaa aliyebanwa kati ya miiko ya mapacha wake wachanga na vita vilivyofika kijijini. Judith Adong alilirudia kwa njia ya sasa katika Silent Voices, iliyochezwa National Theatre 2012, akiuliza waathirika wa vita vya kaskazini waliulizwa lini kabla ya kuambiwa wasamehe.

Lakini mhadhiri mwenyeji alionya dhidi ya kufananisha upesi. Edipode mwenyewe anaomba afukuzwe, uchafu uondoke naye. Mato oput ni kinyume chake: ukoo wa muuaji unakiri na kulipa fidia, pande zote mbili zinakunywa mzizi mchungu wa oput, na mkosaji anarudi kukaa na watu. Ukiwaweka Waacholi kuwa korasi ya Sofokile, unawalazimisha kuimba sheria ambayo si yao. Mtunzi mmoja alipendekeza mwisho ubadilishwe, korasi imzuie mfalme kuondoka. Mwongozaji alisema hiyo si Edipode tena, ni mchezo mpya, uandikwe kwa jina lake. Hawakupatana, na jioni duarani yalichezwa maoni yote mawili, moja baada ya jingine. Mabishano ya watazamaji yaliendelea mpaka mwenyekiti wa LC1 akaonyesha saa yake.

Jumatano: kurudi

Mabasi ya kwanza hutoka Gulu alfajiri. Kata tiketi jioni iliyotangulia na ukatae kiti cha juu ya gurudumu. Kwa mtu mmoja, nauli, vyumba, chakula na nakala vilifika takriban 600,000, mbali na kukodi ngoma. Anayetaka kukutana na watunzi na waigizaji wengi mahali pamoja asubiri Novemba, msimu wa Kampala International Theatre Festival, inayofanyika tangu 2014. Spoku usizibebe kutoka Kampala: fundi yeyote wa baiskeli Gulu atakukatia fungu, na atajua urefu unaofaa kabla hujamaliza kueleza.